Kupima kumbukumbu ya mzee katika zahanati: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mzee wa miaka sabini na kitu anapoletwa zahanati na binti yake kwa maelezo kwamba siku hizi anasahau sana, mhudumu hukumbana na njia mbili za mkato, na zote mbili ni mbaya. Ya kwanza ni kusema kwamba huo ni uzee tu, wamrudishe nyumbani. Ya pili ni kuchukua fomu iliyotungwa kwa watu wa nchi nyingine, kumwambia mzee atoe saba katika mia mara tano mfululizo, kisha kumwandikia ugonjwa kwa kuwa amepata alama 17 kati ya 30. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotaka kuziepuka njia hizo mbili, ingawa hata mwanafamilia anaweza kuufuata ili aelewe kinachofanyika ndani ya chumba cha uchunguzi.

Dimensia ni kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra, lugha au uamuzi kwa kiwango kinachomfanya mtu ashindwe shughuli alizokuwa akizimudu. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo cha takriban asilimia 60 hadi 70 ya dimensia zote, na chanzo kingine kikubwa ni mishipa ya damu ya ubongo iliyoharibiwa na shinikizo la damu au kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na hali hiyo, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, ukakuta kwamba takriban 6.4 kati ya kila 100 walikuwa na dimensia. Watu hao wamo vijijini mwetu, na wengi wao hawajawahi kuulizwa swali hata moja.

Hatua ya kwanza: amua kama kuna sababu ya kupima

Si kila mzee anayeingia mlangoni anahitaji kipimo hiki. Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilipitia ushahidi uliokuwapo likaona hautoshi kupendekeza, wala kupinga, upimaji wa wazee wote wasio na dalili yoyote. Pima pale ambapo mzee mwenyewe, ndugu yake au wewe mhudumu mmeona mabadiliko.

Kusahau miwani ilipowekwa, au jina la mtu ambalo linakuja baadaye lenyewe, ni jambo la kawaida. La kutia shaka ni kuuliza swali lile lile mara nne kabla ya chakula kuiva, kupotea katika njia ya shambani iliyopitwa kwa miaka arobaini, kushindwa kupika chakula ambacho mtu amekipika maisha yake yote, kulipa deni lililokwisha kulipwa, au kukosea dozi za dawa ambazo zamani hakuzikosea. Mabadiliko ya tabia nayo yahesabiwe: mzee mpole aliyegeuka kuwa mkali na kuwashuku watu wa nyumbani kwamba wanamwibia mara nyingi ni mtu anayesahau alipoweka vitu vyake.

Hatua ya pili: hakikisha si kuchanganyikiwa kwa ghafla

Uliza mabadiliko yalianza lini. Dimensia nyingi hujengeka kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa timamu Jumapili na akaanza kuzungumza yasiyoeleweka Jumatano, ambaye asubuhi ana nafuu na jioni amepotea kabisa, au anasinzia katikati ya mazungumzo, ana hali nyingine ya dharura ambayo mara nyingi hutokana na malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka au dawa. Huyo atibiwe au apewe rufaa siku hiyo hiyo. Kipimo cha kumbukumbu kisubiri, kwa sababu alama utakazozipata hazitakuwa na maana.

Njia nyepesi ya kupima umakini ni kumwomba ataje siku za wiki kinyumenyume. Hapa lugha yetu humsaidia mgonjwa: Jumatano, Jumanne, Jumatatu na Jumapili zimebeba hesabu ndani ya majina, hivyo anayezirudisha nyuma huwa kama anayehesabu kutoka tano hadi mbili. Mtu anayeshindwa hata hapo, huku ndugu wakisema wiki iliyopita hakuwa hivyo, usimwache arudi nyumbani bila uchunguzi.

Hatua ya tatu: zungumza na anayeishi naye, faraghani

Maelezo ya mtu wa nyumbani yana uzito sawa na maswali utakayomwuliza mzee mwenyewe, na kwa maoni yangu wakati mwingine yanazidi. Mwombe mzee ruhusa kwanza, kisha kaa na ndugu pembeni, kwa kuwa si heshima kumfanya mama asikilize mwanawe akihesabu makosa yake mbele ya mgeni. Kipo kipimo kifupi cha maswali manane, kinachojulikana kama AD8, kilichotungwa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis na kuchapishwa mwaka 2005. Huuliza kama katika miaka michache iliyopita mzee amebadilika katika uamuzi, katika mambo aliyoyapenda, kurudia maneno, kujifunza kutumia kifaa, kukumbuka mwezi na mwaka, kushughulikia fedha, kukumbuka miadi, na kufikiri kwa jumla. Majibu mawili au zaidi ya "ndiyo, amebadilika" yanatosha kuendelea na uchunguzi.

Sisitiza neno kubadilika. Bibi ambaye hajawahi kushika fedha za nyumba tangu aolewe hawezi kuhesabiwa kuwa ameshindwa fedha. Mfananishe na yeye mwenyewe wa zamani, usimfananishe na jirani.

Hatua ya nne: chagua kipimo kinachomfaa huyu aliye mbele yako

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kipimo kilichozoeleka zaidi ni MMSE, kilichochapishwa Marekani mwaka 1975. Kina alama 30, na kwa desturi anayepata chini ya 24 hutiliwa shaka. Leo kina mmiliki wa haki anayetoza malipo, lakini tatizo kubwa zaidi kwetu ni maswali yenyewe. Kinauliza tuko majira gani ya mwaka, swali lenye majibu manne kwa mtu wa nchi ya baridi, ilhali mkulima wa kwetu anaweza kukujibu masika, vuli, kiangazi au kipupwe, au akakuambia tu kwamba mahindi yamepaliliwa. Kinauliza tuko ghorofa ya ngapi, nasi tumeketi katika zahanati ya vyumba vitatu iliyo chini ya mwembe. Kinamtaka mgonjwa aandike sentensi. Tanzania ilizindua elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977; bibi aliyezaliwa mwaka 1945 alikwisha kuwa na watoto wakati huo, na kama alisoma, huenda ni kisomo cha ngumbaru jioni baada ya kutoka shambani. Kumpa kalamu na kuhesabu anachoshindwa ni kupima shule aliyoikosa.

MoCA, iliyotungwa Montreal nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2005, ni kali zaidi na hugundua mabadiliko madogo ambayo MMSE huyapita. Nayo ina alama 30, huchukua kama dakika kumi, na kiwango cha kawaida kiliwekwa kuwa 26. Aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja. Alama moja! Kwa mwalimu mstaafu anayeanza kupotea katika hesabu za kikoba chake, kipimo hiki kinafaa sana. Kwa mtu ambaye hakuingia darasani, kuchora mchemraba na kuunganisha namba kwa herufi ni adhabu. Lipo toleo jingine la kipimo hicho, MoCA-B, lililotengenezwa kwa ajili ya wasiosoma sana.

RUDAS ilitungwa Australia na kuchapishwa mwaka 2004 kwa kuwafikiria wahamiaji wa lugha nyingi. Mzee hupewa orodha ya vitu vinne vya kununua dukani, yaani majani ya chai, mafuta ya kupikia, mayai na sabuni, ambavyo ni vya kawaida hata katika kibanda cha kijijini. Kati ya alama 30, anayepata 22 au pungufu anahitaji uchunguzi zaidi. Bado kuna mchemraba wa kuchora, kwa hiyo kalamu haijaondoka kabisa.

Kilichozaliwa nyumbani ni kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa Hai na wataalamu wa Tanzania na Uingereza katika muongo wa 2010. Hakihitaji kusoma wala kuandika. Kina vipengele sita: kueleza daraja ni nini, kutaja siku ya leo, kumtaja kiongozi wa mahali hapo, kutaja wanyama wengi iwezekanavyo kwa dakika moja, kukumbuka orodha ya maneno kumi baada ya muda, na kupanga njiti za kiberiti kwa kuiga umbo aliloonyeshwa. Jumla ni alama 15. Anayepata 7 au pungufu huenda ana dimensia, 8 au 9 ni mpaka wa shaka, na 10 kwenda juu hana dalili ya kutosha. Kwa mzee wa kijijini asiyesoma, hiki ndicho ningekichukua kwanza.

Usichanganye vipande vya vipimo viwili kutengeneza chako. Viwango vya alama vilipatikana kwa kipimo kizima kama kilivyo, na ukibadilisha maneno ya orodha au kuondoa swali, kiwango hicho hakina kazi tena.

Hatua ya tano: andaa mahali na mtu

Mzee aliyetoka nyumbani alfajiri na kukaa kwenye benchi hadi saa sita mchana bila kula atafanya vibaya hata kama ubongo wake ni mzima. Mpe maji, mwache apumzike, na kama ana kisukari pima sukari. Mvalishe miwani yake. Hakikisha anakusikia: keti mbele yake ambapo mwanga unaangukia uso wako, sema sentensi moja kwa sauti ya kawaida, umwombe airudie. Nta ya masikio imewafanya wazee wengi waonekane wamepotewa na akili.

Tumia lugha anayoiwaza. Mtu anayezungumza Kichaga au Kimasai nyumbani na Kiswahili sokoni tu asipimwe kwa Kiswahili kwa sababu eti ndiyo lugha ya ofisi. Mkalimani awe mtu mzima aliyeelekezwa kutafsiri bila kuongeza wala kupunguza, na asiwe mjukuu, ambaye hana moyo wa kumwona babu yake akishindwa na atamnong'oneza majibu.

Anza kwa shikamoo, subiri marahaba, uliza habari za nyumbani na za shamba. Kisha eleza: "Bibi, nitakuuliza maswali machache kuhusu kumbukumbu. Mengine ni mepesi sana, usidhani nakudharau. Mengine ni magumu kwa kila mtu. Ukichoka, niambie." Maneno hayo yasirukwe. Mzee anayeulizwa leo ni siku gani na kijana wa umri wa mjukuu wake, bila maelezo, anaweza kukataa kujibu kwa hasira iliyo ya haki, nawe ukaandika sifuri.

Hatua ya sita: endesha kipimo

Soma maelekezo kama yalivyoandikwa, kwa mwendo mmoja. Maneno ya kukumbuka yatamkwe moja moja, bila kuyatia katika hadithi wala kuyapandisha sauti. Usiseme "umekosea", sema "haya, tuendelee". Andika jibu lenyewe neno kwa neno badala ya kuweka alama ya vema au kosa peke yake, kwa kuwa jibu lililokosewa lina habari. Anayesema leo ni Jumanne wakati ni Jumatano yuko mbali na anayesema leo ni siku ya mavuno. Ukikuta kijiji kina gulio, jua pia kwamba watu wataitambua siku ya gulio hata kama nyingine zinawachanganya.

Katika kutaja wanyama kuna mtego wa lugha. Katika mazungumzo yetu ya kila siku kuku ni ndege, sangara ni samaki, na siafu ni mdudu. Mzee makini anaweza kujizuia kuwataja kwa kuwa uliomba wanyama. Toa maelekezo yaliyo wazi tangu mwanzo kwamba unataka wa nyumbani na wa porini, wa angani na wa majini, kama fomu inavyoruhusu. Tumia saa yenye mshale wa sekunde, usikadirie dakika kwa kichwa. Neno lililorudiwa halihesabiwi, lakini liandike, kwa kuwa anayetaja mbuzi mara tano bila kujua kwamba alikwisha kumtaja amekuonyesha jambo.

Njiti za kiberiti zipange mbele ya macho yake, umbo lako libaki mezani, kisha umpe njiti zake ajenge umbo kama lako. Angalia umbo na upande wa vichwa vya njiti kama fomu inavyoelekeza, na weka meza tupu ili asichanganywe na vitu vingine.

Mtego mkubwa kuliko yote uko katika kuchora saa, jambo linaloombwa katika MoCA na katika Mini-Cog, ambacho ni kipimo cha dakika tatu hivi chenye maneno matatu na saa, alama tano kwa jumla, na anayepata chini ya tatu hutiliwa shaka. Kwa Kiingereza mgonjwa huombwa aweke mishale ionyeshe dakika kumi baada ya 11. Sasa wewe utasemaje? Ukitafsiri kwa namba, ukasema "saa kumi na moja na dakika kumi", Mswahili timamu ataweka mshale mfupi kwenye 5 na mrefu kwenye 2, kwa sababu saa kumi na moja yetu ndipo inapokaa. Atakuwa amepatia, nawe utamwandikia kosa. Ukisema "saa tano na dakika kumi", jibu sahihi litalingana na la fomu, mshale mfupi ukiwa kwenye 11 na mrefu kwenye 2, lakini umempa kazi ya ziada: ni lazima ageuze tano kuwa kumi na moja kichwani, huku maneno tano na kumi yakimvuta kwenye namba 5 na 10 za uso wa saa. Kuna watu wazima wenye afya njema wanaokwama hapo. Ushauri wangu ni kutumia saa tano na dakika kumi, kuandika kwenye fomu maneno uliyoyatamka, na kabla ya hapo kumwonyesha saa ya ukutani na kuuliza ni saa ngapi. Asiyejua kusoma saa ya mishale asichoreshwe saa kabisa.

Hatua ya saba: soma alama kwa akili

Alama ya chini inasema "endelea kuchunguza". Haisemi "ana Alzheimer". Chukua mfano wa hesabu. Tuseme umepima wazee 100 wa kijiji kizima, sita kati yao wana dimensia kweli, na kipimo chako kinawagundua asilimia 90 ya wagonjwa na kuwaruhusu sawasawa asilimia 80 ya wazima. Utawapata wagonjwa watano hivi, lakini katika wazima 94 utawatia shaka kama 19. Kwa hiyo kati ya watu 24 walioshindwa, karibu watano tu ndio wagonjwa. Chukua kipimo hicho hicho ukitumie kliniki, kwa wazee 100 walioletwa na ndugu zao ambao nusu yao ni wagonjwa kweli, na utapata walioshindwa 55, wagonjwa wakiwa 45. Kipimo hakikubadilika, waliopimwa ndio waliobadilika, na ndiyo sababu hatua ya kwanza imetangulia.

Alama nzuri nazo zisikulaghai. Mhasibu mstaafu anaweza kupata 28 kati ya 30 wakati familia inaona wazi kwamba mambo yanaharibika. Panapotokea mvutano kati ya karatasi na maelezo ya nyumbani, mpe rufaa.

Hatua ya nane: tafuta kinachotibika

Kagua mfuko wa dawa kwanza, ukiwa mkononi mwako, si kwa kuambiwa. Klofeniramini, ile piritoni inayomezwa kwa kila mafua, na amitriptilini inayotolewa kwa maumivu au usingizi, huvuruga kumbukumbu za wazee, na zikiondolewa kwa utaratibu hali inaweza kurudi. Uliza kuhusu pombe. Uliza kama alianguka katika wiki au miezi iliyopita, kwa kuwa damu inaweza kuvilia polepole chini ya utando wa ubongo. Chunguza sonona, ambayo kwa wazee huiga dimensia: mwenye sonona mara nyingi hujibu "sijui" na kulalamikia kumbukumbu yake, ilhali mwenye dimensia hujaribu kujibu na kuona hana tatizo.

Kwa maabara, omba picha kamili ya damu, sukari, figo, VVU na kaswende. Penye uwezo, ongeza tezi ya shingo na vitamini B12, hasa kwa aliyetumia metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Pima shinikizo la damu hata kama hajalalamika. Mwenye udhaifu wa upande mmoja, degedege lililoanza uzeeni, au mwendo ulioharibika pamoja na kushindwa kuzuia mkojo anahitaji hospitali yenye mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya kichwa.

Hatua ya tisa: toa majibu, panga kurudi

Mwambie mzee kwanza, kisha ndugu, kwa maneno ambayo hayatafika sokoni yakiwa na sura nyingine. Usitumie neno kichaa wala kurukwa na akili. Inatosha kusema: "Mama, kumbukumbu yako ina udhaifu uliozidi kiwango cha umri. Tunatafuta sababu. Baadhi ya sababu zina dawa." Wanaosema ni laana au mkono wa mtu wasikejeliwe, waeleze kwamba ubongo huugua kama moyo na figo, na waombe warudi hata kama wamekwenda kwingine pia.

Andika kwenye faili jina la kipimo, lugha iliyotumika, miaka ya shule, saa ya siku, nani alikuwapo, na alama za kila kipengele pamoja na jumla. Mpe tarehe ya kurudi baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, au mapema zaidi kama kuna dawa iliyoondolewa au sonona inayotibiwa. Siku hiyo tumia kipimo kile kile, kwa lugha ile ile, ila uchukue orodha mbadala ya maneno pale kipimo kinapokuwa nayo, kwa kuwa wapo wazee watakaokuwa wameikariri ya kwanza njia nzima ya kurudi nyumbani.